Manjano ya dhahabu sebuleni: maoni yangu baada ya kuipaka na kuishi nayo

Kila anayeingia kwangu siku hizi anauliza lile lile, hii rangi umeitoa wapi na inaitwaje, basi acha niandike yote hapa mara moja. Ni rangi ya maji ya ndani, finishi ya silki yaani yenye mng'ao kidogo, manjano ya dhahabu, ile iliyoiva kabisa kama embe dodo ukishalikata, sio njano ya ndimu. Nimepaka sebule na kakorido kanakoenda vyumbani, nyumba iko Tabata, na nasema bila kupepesa macho hii ndo rangi nzuri kuliko zote nilizowahi kuweka ndani, ila ina masharti yake na ukiyaruka utaichukia mapema sana.

Kwanza kwa nini nimeachana na krimu. Dar nzima tunapaka krimu na softi waiti, ukipanga nyumba unakuta krimu, ukijenga fundi anakuuliza krimu au nyeupe, basi, kama vile hakuna rangi nyingine duniani. Sina ugomvi na krimu, ila nyumba zetu hizi za Tabata, Sinza, Kijitonyama, dirisha la sebule linatazamana na ukuta wa jirani, katikati hapo kuna kiuchochoro cha kupita mtu mmoja na simtanki la maji, sasa mwanga unaoingia ni ule uliokwisha gonga ukuta wa mwenzio ndo uje kwako. Nyeupe ikikosa mwanga inageuka kijivu. Kaa sebuleni kwako saa kumi jioni siku ya mawingu uangalie kona ya nyuma ya kochi, utaona ninachosema. Manjano ya dhahabu haifanyi hivyo, hata mwanga ukiwa hafifu bado inabaki na uhai wake, chumba kinaonekana kina watu hata kama hakuna mtu.

Ila nisiwadanganye, hakuna rangi inayozalisha mwanga. Nyeupe safi inarudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoipiga, manjano iliyoiva namna hii mara nyingi inacheza kwenye 50 hadi 60 hivi, maana yake kwa hesabu chumba kinapungua mwanga kidogo, ila mwanga unaobaki ni mzuri, ni wa joto, ngozi za watu zinapendeza, chakula mezani kinapendeza, picha za simu zinatoka vizuri. Kama shida yako ni kusoma vitabu chumbani mchana bila kuwasha taa basi hii sio dawa yako, paka nyeupe na ukate dirisha kubwa.

Na hili la joto, maana mama mkwe wangu alianza nalo siku ile ile, "mwanangu Dar hii na joto lake unapaka manjano, si mtaungua humo ndani?" Nikamwambia mama, shikamoo, rangi ya ukutani ndani haipandishi joto la chumba, joto letu linatoka kwenye bati lisilo na dari la maana na kwenye ukuta wa magharibi unaopigwa na jua kuanzia saa nane. Rangi inayosaidia joto ni ya nje na ya bati, huko ndo upake nyeupe. Ndani paka roho yako inachotaka. Sasa hivi akija anakaa kochi lile la karibu na ukuta huo huo.

Sasa kabla hujaenda dukani jua dirisha lako linaangalia wapi, hii watu wengi hawaizingatii. Sisi tuko kusini ya ikweta kidogo tu, nyuzi 6 na ushee, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka jua la mchana linapita upande wa kaskazini, halafu kuanzia kama katikati ya Oktoba mpaka Februari linahamia upande wa kusini. Dirisha la magharibi ndo lenye vituko, jioni jua linaingia la rangi ya chungwa na ukuta wa manjano ya dhahabu unakuwa kama machungwa kabisa, mi napenda, ila mwenye macho mepesi atachoka. Kwa dirisha la magharibi shuka chini, chukua iliyopauka hatua moja au mbili kwenye kadi ya rangi, ile ya dukani yenye vipande vya rangi za kuchagua. Kwa dirisha linalotazama ukuta wa jirani panda, chukua iliyoiva.

Tuje kwenye kuchagua yenyewe. Kwenye kadi ya rangi kuna manjano nyingi na zote zinapendeza pale kaunta, tatizo kadi ni kijikaratasi kidogo na ukuta ni ukuta. Ukipaka kuta nne, manjano inaangaliana na manjano, ukuta huu unarushia rangi ukuta ule na ule unarudisha, kwa hiyo ukutani inakuja kali kuliko ulivyoiona dukani. Kanuni yangu ni kwamba ile unayoipenda kwenye kadi, chukua inayofuata chini yake. Na uchague yenye udongo udongo ndani, yenye ukahawia kwa mbali, hiyo ndo inaitwa dhahabu, ukikosa huo ukahawia unapata njano ya darasa la chekechea.

Kuna sababu ya kiufundi pia. Manjano yenye udongo inatokana na oksidi ya chuma, madini ya ukoo ule ule yaliyochorewa picha nyekundu za miambani kule Kondoa ambazo UNESCO waliziweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, na mmeona zilivyodumu. Oksidi ya chuma inafunika vizuri na haipauki na jua. Zile njano kali za ndimu zinatumia vikolezo, yaani vitu vya kutia rangi, vya aina nyingine, vingi vinapitisha mwanga, ndo maana unapaka mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, wa pili, wa tatu na bado unaona ukuta chini, na vingine vikipigwa na jua la dirishani vinafifia. Kwa hiyo manjano ya dhahabu sio urembo tu, hata mfukoni inakutunza.

Duka. Nilinunua Kariakoo, ukishuka mwendokasi kituo cha Gerezani unatembea kidogo tu unaanza kukutana na maduka ya rangi na vifaa vya ujenzi, nilichagua lenye mashine ya kuchanganyia kwa namba na sio la kuchanganya kwa macho. Huduma ya mwanzo ilikuwa safi, kijana akaingiza namba, mashine ikadondosha vikolezo kwenye kopo la rangi mama, ile ya msingi ambayo bado haijatiwa kikolezo, akalifunga kwenye ile mashine ya kutikisa, alipofungua akachovya kidole akapaka juu ya mfuniko na kuweka feni ikauke nione, maana rangi ya maji ikiwa mbichi inadanganya, ikikauka inabadilika, mara nyingi inakolea kidogo. Akaniambia "dada angu hapo ukishaona sasa ndo ilivyo," na kweli ilikuwa hivyo. Nikaomba aniwekee kidogo kwenye kikopo cha majaribio, hilo walinikubalia kwa kulipia, na naomba kila mtu afanye hivyo. Usipake moja kwa moja ukutani kijisehemu, paka kwenye kipande cha jipsamu bodi au karatasi ngumu nyeupe ukubwa wa meza ndogo, mikono miwili, halafu kitembeze, kiweke karibu na dirisha, kiweke kona ya giza, kiangalie asubuhi na usiku taa zikiwaka.

Ambapo duka limenikera ni galoni za mzigo wa pili. Nilirudi kuongeza, namba ile ile, duka lile lile, na rangi ikaja tofauti. Sio tofauti ya kuona ukiwa na kopo moja, ila fundi alipopaka mfuniko kwa mfuniko, galoni ya mwanzo na hii mpya, ya pili ilikuwa na ukijani kwa mbali. Kuwapelekea, yule wa kaunta akasema ni macho yangu na taa za dukani. Nikatoka nao nje juani, tukaziweka chini mbele ya duka, hapo hata mpita njia akasema hizi mbili sio moja. Wakanirekebishia lakini kwa kununa na baada ya kunizungusha sana, na neno pole sikulisikia. Rangi naipa alama zote, duka nalinyima alama mbili nzima kwa hilo.

Dawa yake fundi wangu ndo aliionyesha na ningependa mafundi wote wa mjini waige. Alichukua ndoo kubwa safi ya lita 20, akamimina galoni zote humo kwa pamoja akikoroga taratibu na ubao, halafu akachuja kwa kipande cha soksi ndefu ya kike alichokikaza mdomoni mwa ndoo nyingine, mabonge na uchafu wote ukabaki kwenye soksi. Baada ya hapo haijalishi galoni ipi ilikuwa ipi, ukuta wote ni rangi moja. Kwa manjano hii ni lazima, kwa nyeupe unaweza kupona bila kufanya, manjano haikusamehe, utaona mstari pale kopo moja lilipoishia na lingine lilipoanzia.

Hesabu ya rangi iko hivi. Lita moja ya rangi ya maji inafunika kama mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja kwenye ukuta uliopigwa skimu vizuri, yaani uliolainishwa kwa lile tabaka jembamba juu ya plasta. Sebule ya mita 4 kwa 3.5 yenye kimo cha mita 2.8 ukitoa mlango na madirisha unabaki na mita za mraba kama 37. Mikono miwili hapo ni lita 7 na kitu, galoni mbili za lita 4 zinatosha kwa kubana. Ila manjano nawaambia panga mikono mitatu, maana yake galoni tatu. Au fanya ujanja huu, mkono wa chini kabisa usiwe mweupe pe, waambie dukani wakutilie kikolezo kidogo cha manjano kwenye andakoti, ya bei rahisi tu, halafu juu yake mikono miwili ya rangi yenyewe inatosha. Mi nilifanya hivyo na sijajuta.

Mkono wa kwanza usikutishe. Ukuta unakuja mabaka mabaka, rola ilipopita mara mbili pamekolea, ilipopita mara moja pamepauka, ukiangalia kwenye kingo ambako fundi amekata kwa brashi unaona fremu iliyokolea kuzunguka ukuta mzima. Jirani yangu alichungulia mlangoni akaniambia shoga hii imeharibika, bora urudishe krimu mapema. Mkono wa pili ukala mabaka yote. Muhimu muache ukauke kwanza, kopo linasema masaa mawili hadi manne, ila hayo masaa sio ya Dar ya masika. Mwezi wa nne hewa ina maji, paka asubuhi na rudi kesho yake, madirisha wazi, feni inazunguka.

Na maji, jamani maji! Mafundi wetu wengi wana tabia ya kuongeza maji ili rangi ifike, anajaza jagi anamwaga, anakwambia bosi hii ni nzito. Kwa krimu hutaona haraka. Kwa manjano, maji yakizidi ndo unapata ukuta unaoonyesha skimu chini na rangi inayopukutika ukifuta. Soma kopo, limeandika maji kiasi gani kwa mkono wa mwisho, mara nyingi ni kidogo tu, na usiondoke wakati wa kukoroga. Mi nilikuwa nimekaa pale na chai yangu, fundi hakuongeza hata kikombe bila kuniambia, na hatukugombana, ni kuelewana tu mwanzoni.

Kwenye ukuta mpya subiri plasta ikomae, kama wiki nne hivi, maana saruji mbichi ina ukali unaokula rangi, na kama ukuta unatoa chumvi, ule unga mweupe chini chini karibu na sakafu, usipake chochote mpaka ujue maji yanatoka wapi. Manjano juu ya chumvi inatoa madoa meupe ambayo hata wageni watayaona kabla hawajakaa.

Silki au mati, ile isiyong'aa? Nimechagua silki kwa sababu nina watoto na kwa sababu ya mbu. Mbu akipigwa ukutani anaacha alama ya damu, kwenye krimu ya mati ukifuta unapata doa kubwa kuliko la mwanzo, hapa nachukua kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, nafuta, imeisha. Mikono ya watoto kuzunguka swichi ya taa, hivyo hivyo. Ubaya wa silki ni mng'ao wake, kama skimu ina mawimbi utayaona yote jioni taa ikipiga kwa pembeni, kwa hiyo pesa ya msasa na skimu usiibanie. Kama ukuta wako umepinda pinda na huna mpango wa kuurekebisha, chukua mati, inaficha.

Taa! Hapa ndo watu wanaharibu kazi nzuri. Balbu nyingi tunazonunua ni zile nyeupe sana, ukiangalia boksi limeandikwa 6500K, hiyo K ni kipimo cha rangi ya mwanga, mwanga wake una ubluu, na bluu juu ya manjano inaleta ukijani fulani wa hospitali. Badilisha, tafuta balbu iliyoandikwa 3000K au 2700K, mwanga wa joto, bei haipishani sana, na usiku sebule inakuwa nyingine kabisa. Shemeji yangu alipaka rangi kama yangu akanipigia analalamika imekuwa mbaya usiku, nikamwambia toa hizo balbu kwanza ndo tuongee, akatoa, hajalalamika tena.

Kuhusu vitu vya kuweka humo ndani, naomba mnisikilize kwenye mapazia. Usiweke kijani. Ukiweka kijani na manjano kila anayeingia atakuuliza kama ni Yanga au kama nyumba ni ofisi ya CCM, na wewe unaweza kuwa Simba damu. Kama ni Yanga, weka na roho yako ifurahi. Mi nimeweka bluu nzito, ile ya kukaribia nyeusi, na vipazia vyepesi vyeupe ndani yake, manjano na bluu vinapendana sana. Mbao ndo mwenzi wake mkubwa lakini, mninga uliopigwa vanishi una wekundu wake wa kahawia na ukisimama mbele ya ukuta huu unatoka vizuri mno, kabati langu la zamani la Keko, kwa mafundi seremala, ambalo nilikuwa nataka kuliuza sasa ndo kitu cha kwanza watu wanachokisifia. Mkeka wa ukindu, mito ya kitenge yenye kahawia na nyeupe, picha moja ya Tingatinga kubwa badala ya vipicha vingi. Dari acha jeupe, na milango usipake manjano, chumba kinahitaji pa kupumzisha macho.

Milango inanikumbusha jambo zito kuliko yote. Nimesifia rangi ya maji. Manjano ya mafuta, ile ya kopo la milango na nondo za dirisha, ni habari nyingine, kwa sababu kwa miaka mingi njano kali za mafuta duniani kote zimekuwa zikitengenezwa na kromati ya risasi, yaani madini ya risasi (lead), na risasi inaharibu ubongo wa mtoto, Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kiwango cha juu cha risasi kinachopendekezwa kimataifa kwenye rangi ni sehemu 90 kwa milioni. Kwa hiyo ukinunua manjano ya mafuta hakikisha kopo limeandikwa haina risasi na lina nembo ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na kama una mlango au kitanda cha zamani cha njano kinachobanduka usikipige msasa mkavu, vumbi lile ndo sumu yenyewe, lowesha kwanza, toa watoto, futa sakafu kwa kitambaa chenye maji, usifagie.

Mengine kwa haraka. Jikoni sijapaka, mvuke na mafuta ya kukaangia yanataka rangi ya kuoshwa mara kwa mara na sijaijaribu huko. Chumbani nitapaka ukuta mmoja tu wa kichwani mwa kitanda, kuta nne za manjano kwa mtu anayetaka kulala naona ni nyingi. Korido ndo imenishangaza, kale kakorido hakana dirisha hata moja, nilidhani kataonekana kadogo zaidi, kumbe ndo sehemu nzuri kuliko sebule yenyewe.

Namba ya rangi iandikeni kwenye mfuniko kwa maka peni na muipige picha, pamoja na jina la rangi mama na ukubwa wa kopo, na mbakishe angalau nusu lita kwenye chupa iliyojaa mpaka juu, imefungwa vizuri na kuwekwa mahali pasipo na jua. Mtoto akigonga ukuta na baiskeli hutakuwa na haja ya kurudi Gerezani kubishana na mtu kuhusu ukijani.